Kutu ya Pikapu: Anzia Chini, Rangi Baadaye

Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa karakana ya magari ya kaunti kwa wenye pikapu na malori madogo yanayoleta mizigo sokoni Marikiti, Kisiwani Mombasa. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa. Yaliyorudiwa tu ndiyo tumeyapunguza.

Mabwana na mabibi wenye magari, madereva, utingo, na ndugu zetu mahamali mlioegesha mikokoteni ili mnisikilize, ahsanteni. Sitawachelewesha, maana najua nyanya hazingoji hotuba.

Nimeombwa nijibu swali moja. Mwenye pikapu kuukuu hujiuliza kila mwaka: hii kutu niitengeneze sasa, au nisubiri mpaka mwakani pesa zipatikane? Huenda mnatarajia niseme itengenezeni sasa, nikae chini. Sisemi hivyo. Ziko kutu ambazo gari lingekuwa langu ningeziacha miaka mitano na nikalala usingizi wangu. Na ziko kutu ambazo gari halifai kutoka hapa sokoni kwenda hata Kongowea kabla hazijashughulikiwa. Anayezichanganya hizi mbili hutumia pesa bure na hatari ikabaki pale pale. Ndilo ninaloliona kila siku karakana: pesa zimekwenda kwenye rangi ya milango kwa sababu milango inaonekana, na chuma kinachobeba mzigo hakuna aliyekitazama tangu gari linunuliwe.

Tukubaliane kwanza juu ya jambo moja. Gari la pwani si gari la bara. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa, hilo mnalijua. Chumvi ikiingia hapo, kazi huenda mbio zaidi. Lakini chumvi ina tabia nyingine ambayo wengi hawaijui: inavuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe. Wenye maduka wanaijua, ndiyo maana huweka mchele kwenye kikopo cha chumvi. Sasa hapa Kisiwani, usiku mwingi wa mwaka unyevu unapita kiwango hicho. Kwa hiyo gari lenye chumvi kwenye bodi linalowa kila usiku, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Mwenye gari anasema "langu halijapata maji wiki tatu", kumbe limelowa mara ishirini na moja.

Chumvi hiyo inatoka wapi? Upepo wa baharini, kaskazi na kusi, unaipeperusha mpaka ndani ya mji. Wanaobeba samaki wanaibeba wenyewe: barafu inayeyuka, maji yenye chumvi na damu yanapenya chini ya sakafu ya nyuma na kukaa juu ya chesisi. Wanaoleta magunia ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni sina haja ya kuwaeleza. Na wapo wanaoshusha gari mpaka mchangani mashua inapotia nanga, magurudumu ndani ya maji, kwa sababu ni karibu. Ni karibu kweli, lakini maji yale yanaingia ndani ya chesisi na hayatoki.

Kuna chumvi moja tunayojipaka wenyewe kwa kulipa. Visima vingi vya hapa Kisiwani maji yake yana chumvi, nyote mmeyaonja. Sehemu nyingi za kuosha magari hutumia maji hayo hayo kwa sababu maji ya bomba ni haba na ghali. Dereva anaosha gari kila jioni, ni mtu safi, ana haki ya kujisifu, lakini kila jioni analiacha gari na chumvi nyembamba mwili mzima. Sikatazi kuosha. Ninachosema ni kwamba ukishaosha kwa maji ya kisima, malizia kwa debe moja au mawili ya maji matamu, na uyaelekeze chini: ndani ya madigadi, nyuma ya magurudumu, juu ya chesisi. Paa la kebini litajitegemea. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mbeba mboga. Mbeba samaki afanye kila siku anapomaliza kushusha.

Mbeba mboga naye asijione amepona. Mchicha na sukuma hunyunyiziwa maji njia nzima. Magunia mabichi yanalala kwenye sakafu usiku kucha. Maji ya maembe na nyanya zilizopondeka yana asidi, yanakula rangi taratibu. Kisha kuna kitu kidogo ambacho nadhani kimeoza milango mingi hapa Marikiti kuliko bahari yenyewe, nacho ni maganda ya vitunguu. Chini ya kila mlango na kwenye pembe za kebini, kiwanda kimeacha vitundu vya kutolea maji. Maganda ya vitunguu, nyuzi za makumbi, mchanga na vumbi vinaviziba. Maji ya mvua yanayopita kwenye kioo cha mlango yanabaki ndani, kama ndoo. Mlango unaoza kutoka ndani kuja nje. Chukua kijiti au kipande cha waya, vizibue mara moja kwa mwezi. Haigharimu hata senti.

Sasa tuitazame kutu yenyewe. Mimi huigawa kwa jinsi ilivyo mkononi, wala sitaki majina ya kitaalamu. Iko kutu ya unga: ukipitisha kidole inakuachia vumbi la rangi ya chungwa, na chuma chini yake ni kizima. Iko kutu ya magamba: inabanduka vipande kama samaki anayeparuzwa, na kila gamba ni chuma kilichoondoka. Mjue kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokula, ndiyo maana rangi huvimba na mishono ya bati hufunguka. Mwisho liko tundu. Bati la mlango au la ubavu ni jembamba, halifiki milimita moja. Likishafanya magamba halina safari ndefu.

Uvimbe wa rangi unahadaa sana. Unaona kijipu ukubwa wa punje ya mbaazi, unasema bado. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Kikiwa katikati ya bati pana na chini yake ni unga tu, umepatia, bado. Kikiwa kwenye mshono, pale mabati mawili yalipokutana, au kwenye ukingo wa chini wa mlango, basi hakikutokea nje. Kimetoka ndani, na huko ndani ni kikubwa zaidi. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, lakini ufa wa ukuta angalau unauona ukianza. Huu unauona ukiisha.

Lakini kujua kutu imefika hatua gani ni nusu ya jibu. Nusu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni chuma gani imeshika.

Ubavu wa nje wa bodi ya nyuma hauna mzigo unaoushikilia, na kwa gari la soko utakwaruzwa na magunia hata ukiupaka rangi ya dhahabu. Mimi sina ugomvi na kutu ya ubavuni. Ipige brashi ya waya, ipake rangi ya kawaida kwa brashi siku ya Jumapili, endelea na kazi. Mlango ukiwa na tundu chini ni aibu, maji yataingia, lakini hautaua mtu leo.

Chini ndiko kwenye maneno. Nawaomba kila mmoja, kabla ya masika, alale chini ya gari lake mwenyewe na tochi. Usimtume utingo. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe; ukilazimika kulinyanyua, liketi juu ya stendi au magogo imara, maana jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Chukua bisibisi kubwa na nyundo ndogo. Gonga chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia, kinakujibu. Chuma kilichooza hutoa sauti bubu, kama kugonga gome la mti. Ukisikia bubu, chokonoa kwa bisibisi. Ikizama, umepata ulichokuwa unakitafuta.

Sehemu za kukazia macho ni hizi. Pale springi za nyuma zinaposhikwa na chesisi. Pale kebini inapokaa juu ya chesisi, kwenye zile raba. Vyuma vinavyopita kukingama chini ya sakafu ya mizigo. Nyuma ya tangi la mafuta, ambako mkono hauingii na tope halitoki. Chini ya betri, maana asidi na chumvi ni ndugu wa kazi. Na sakafu ya kebini chini ya kapeti, hasa pale viti na mikanda vilipofungwa. Kapeti ya raba ikilowa chini yake haikauki mpaka uinyanyue, na wengi wenu hamjainyanyua.

Kisha paipu za breki. Hizi ni chuma chembamba kinachopita juu ya chesisi kutoka mbele mpaka nyuma. Zikiwa na unga, zipanguse, zipake grisi, zitazame kila mwezi. Zikiwa na magamba, zibadilishwe kabla gari halijabeba mzigo mwingine. Hapo sina mjadala. Fikirieni paipu ipasuke ukiwa na tani moja ya viazi kwenye mteremko wa kuingilia feri ya Likoni. Mbele yako kuna mamia ya watu wanaotembea kwa miguu, mama wenye watoto, wanafunzi. Hapo hata honi haitakusaidia.

Mtu ataniuliza: nitajuaje kama tundu nililoliona ni la hatari au ni la aibu tu? Wenzetu wa Uingereza, ambako magari huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, wana kanuni moja ya ukaguzi ambayo mimi naipenda kwa sababu haihitaji mashine. Mkaguzi hutazama pale breki, usukani, springi au mikanda ya usalama ilipofungwa kwenye mwili wa gari. Kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka hapo, gari limefeli. Sentimita 30 ni rula ya mtoto wa shule. Chukua rula ya mwanao, ingia nayo chini. Tundu likiwa ndani ya rula, gari lisimame. Likiwa nje ya rula, una nafasi ya kupanga. Kanuni hiyo haiko katika sheria zetu kwa maneno hayo, lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari alitunze lisiwe hatari kwa watu walioko barabarani, na magari ya biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Stika ya ukaguzi inasema gari lilikuwaje siku ile ya ukaguzi. Miezi kumi na mmoja inayobaki ni ya kwako.

Niwape kisa. Ililetwa kwetu pikapu moja iliyokuwa imetoka kupakwa rangi, inang'aa, nyeupe kama kanzu ya Idi. Mwenyewe alilalamika kiti cha dereva kinacheza akifunga breki. Tulinyanyua kapeti. Chini yake palikuwa na puti, chini ya puti kipande cha bati la paa la nyumba kilichobanwa kwa ribiti, chini ya bati puti nyingine na vipande vya gunia, na chini ya gunia barabara. Boliti mbili za kiti zilikuwa zimeshika puti. Alikuwa amelipa pesa nzuri kwa rangi ile, na aliyempakia aliijua sakafu ile ilivyo, kwa sababu aliipita juu. Mwenye gari hakudanganywa na kutu. Kutu haijui kudanganya.

Na msidhani haya ni ya magari ya maskini tu. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali huko Marekani suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kuhusu pikapu za Tacoma na Tundra na magari ya Sequoia, kiasi cha magari milioni 1.5, yaliyodaiwa kuwa chesisi zake hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Bodi nyingi zilikuwa safi. Chesisi chini yake ndizo zilizooza. Ikiwa watu wa huko, wenye karakana za kila aina, waliweza kupitwa na jambo hilo, basi sisi tuna sababu zaidi ya kulala chini na tochi.

Haya, umeamua kutengeneza. Kazi nzuri inatambulikana kwa mambo machache. Kilichooza kinakatwa mpaka kufikia chuma kinacholia. Kiraka kiwe cha chuma cha unene unaolingana na cha zamani au kuzidi kidogo: kwa sakafu ya kebini geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2, inafaa. Bati la paa la nyumba halifai kabisa. Ni jembamba mno, na lina zinki. Likichomwa moto hutoa moshi unaomtia fundi homa usiku. Kiraka kichomelewe mzunguko mzima, kisiachwe na pengo. Nukta nne za moto na puti juu yake ni kuficha. Puti ni ya kusawazisha, haibebi kitu. Ukinunua gari la mtu, tembea na sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Mahali isipong'ang'ania, hapo pana puti nene.

Kabla ya kuchomelea, ondoeni waya wa betri, toeni kapeti na viti, na tangi la mafuta likiwa karibu lishushwe. Ndoo ya mchanga na kizima moto viwepo. Moto wa grenda umeshateketeza magari.

Baada ya kukwangua, oshea chuma kwa maji matamu, kwa sababu chumvi hubaki kwenye vishimo ambavyo jicho haliyaoni. Kausha vizuri, upake rangi ya msingi siku hiyo hiyo. Usilaze chuma kitupu usiku mmoja hapa Mombasa. Alfajiri utakikuta kimeshageuka rangi ya chungwa. Wala usiishie kwenye ile rangi nyekundu ya msingi ukasema ya juu itafuata mwezi ujao. Rangi ya msingi peke yake hupitisha unyevu. Naona magari mengi mekundu-mekundu yakizunguka mji huu mwaka wa pili sasa, na wenyewe wanadhani yamekingwa. Dawa ya kutu inayouzwa madukani, ile inayogeuza kutu kuwa nyeusi, inafanya kazi juu ya unga. Juu ya magamba ni kupoteza pesa.

Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa pili ambao huuoni. Mwambie fundi akupulizie grisi laini au nta ndani ya uwazi huo. Asipofanya, kutu itaanzia hapo hapo kwenye kazi mpya.

Tuje kwenye pesa, maana naona wengine mmekunja uso. Hizi ni hesabu za mfano, weka zako. Tuseme pikapu yako inakuachia 2,500 kwa siku baada ya mafuta na utingo. Fundi wa kweli anataka 35,000 na siku sita. Jumla si 35,000. Siku sita gari limelala ni 15,000, kwa hiyo kazi ni 50,000. Kazi hiyo ikidumu miaka mitatu, ni chini ya 1,400 kwa mwezi. Fundi wa puti anataka 8,000 na siku mbili. Pamoja na siku zilizopotea ni 13,000. Ikidumu miezi minane, mpaka masika ipite, umelipa zaidi ya 1,600 kwa mwezi, na kutu iliyofungiwa ndani ya puti imeendelea kula, kwa hiyo mara ya tatu hakutakuwa na cha kuchomelea kiraka. Wengi tunalinganisha bei ya kazi na bei ya gari. Mimi nasema linganisha na miezi itakayokupa.

Na kuna siku jibu ni kuacha. Chesisi ikiwa imeoza sehemu moja mbali na springi, fundi mzoefu ataitengeneza. Ikiwa imeoza sehemu tatu nne, pande zote mbili, usitupe pesa. Chesisi haichomelewi kiholela. Joto hudhoofisha chuma kando ya mshono, nayo huvunjika sentimita chache kutoka pale ulipolipia. Wanaofikiria kununua chesisi nyingine wakumbuke kwamba namba iliyogongwa kwenye chuma hicho ndiyo iliyoandikwa kwenye logibuku. Usihamishe chesisi kabla ya kuzungumza na NTSA, usije ukatembea na gari ambalo kwa karatasi halipo. Ukiamua kuliuza kama chuma, uza kwa mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na ufute usajili wake. Injini, gia na magurudumu yana soko lake. Gari linaweza kukulipa vizuri zaidi vipande vipande.

Kuna maswali yaliyoletwa kwa karatasi, nayajibu haraka.

Mama mmoja anayeuza samaki anauliza kama kutandika bati la alumini kwenye sakafu ya nyuma kutamsaidia. Mama, alumini yenyewe haitaoza kama chuma, umeona sawa. Lakini ukiibana kwa ribiti moja kwa moja juu ya chuma, na maji ya chumvi yakaingia katikati, zile metali mbili hugombana kama betri, na maji yakabaki mahali ambapo huwezi kuyafikia. Hapo alumini ndiyo huliwa kwanza, na huoni kinachoendelea chini yake. Afadhali makreti ya plastiki yenye kitako kizima, au karai kubwa za kukinga maji, na turubai unayoweza kuitoa na kuisuuza. Kitu kinachotoka ni bora kuliko kitu kilichofungwa.

Ami yangu mmoja anauliza habari ya kupulizia oili chafu chini ya gari, kama walivyofanya wazee. Shikamoo, ami. Inazuia kidogo, siwezi kusema haizuii. Lakini inalainisha raba za springi na za kebini mpaka zinavimba, inashika mchanga, na inadondoka barabarani na kwenye mitaro yetu, na mitaro ya Kisiwani humwagia baharini, kule kule tunakotoa hao samaki. Grisi au nta maalumu ya chini ya gari, kiasi kidogo, mahali palipokauka na kusafishwa, inafanya kazi zaidi. Ukiipaka juu ya tope na chumvi umeyafungia ndani.

Mwingine anauliza lini ni wakati mzuri. Kaskazi, bila shaka, Januari hadi Machi, jua lipo na mvua hakuna, rangi inakauka. Tatizo ni kwamba miaka hii Ramadhani imeangukia humo humo, na mwezi wa Ramadhani gari la Marikiti halisimami, matunda ndiyo msimu wake. Kwa hiyo kagueni Disemba, mpange na fundi Januari mwanzoni, kabla watu hawajaanza kufuatana kwake. Atakayekosa asipake rangi wakati wa masika. Akate na achomelee tu kilicho ndani ya rula, akifunike kwa rangi ya msingi na ya juu chini ya paa, na mengine yasubiri.

Swali la mwisho halina jina. Anasema pikapu si yake, ni ya tajiri, yeye ni dereva, na akimwambia tajiri chesisi imeoza ataambiwa aache gari wapo wengine wanaoitaka. Hili ni zito kuliko yote, na siwezi kulijibu kwa brashi ya waya. Piga picha kwa simu. Bisibisi iliyozama, rula pembeni, namba ya gari ionekane. Mtumie tajiri picha hiyo kwa ujumbe, kwa adabu, na uiweke. Matajiri walioko hapa, na nawaona, mkiletewa picha kama hiyo msiulize dereva ni mtundu kiasi gani. Ulizeni fundi ana nafasi lini.

Basi. Wenye magari waliyoyaegesha upande wa Barabara ya Digo, nina tochi mbili na bisibisi. Tutaanza na ile Canter ya bluu, kwa sababu imeziba njia ya mikokoteni na lazima isogezwe hata hivyo.